Mwisho Wenye Matumaini: Filamu ya "Rafiki" na Wajibu wa Familia Zetu

Mwishoni mwa mwezi Aprili 2018, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ilipiga marufuku filamu iitwayo "Rafiki", iliyoongozwa na Mkenya Wanuri Kahiu. Sababu iliyotangazwa ni kwamba filamu hiyo, inayosimulia mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi, ilikusudia kuhamasisha mahusiano ya jinsia moja, kinyume na sheria za nchi. Lakini mwongozaji mwenyewe amesimulia jambo lililotangulia marufuku hiyo: alitakiwa aubadilishe mwisho wa filamu, kwa kuwa ulionekana kubeba matumaini kupita kiasi. Alikataa, na filamu ikafungiwa.

Mwezi Septemba mwaka huohuo, Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu ya Kenya aliisimamisha marufuku hiyo kwa siku 7, ili filamu ipate kutimiza sharti la kuweza kuwania tuzo ya Oscar. Jijini Nairobi watu walifurika kwenye ukumbi wa sinema. Siku hizo zilipokwisha, marufuku ilirejea, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ilikataa maombi ya kuiondoa. Filamu yenyewe ilikuwa imekwisha kuonyeshwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa, Mei 2018, ikiwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika orodha rasmi ya tamasha hilo.

Huenda msomaji akauliza haya yanatuhusu nini sisi wa Karatu. Yanatuhusu kwa sababu siku hizi amri ya bodi haiwezi kuizuia picha isiingie katika simu ya kijana. Kijana wa Rhotia, wa Mang'ola au wa Endabash huangalia mambo yaleyale anayoangalia mwenzake wa Nairobi au London. Wengine wanasoma vyuoni Arusha na Dar es Salaam, na wanarudi likizo wakiwa na maswali ambayo wazazi wao hawakuyazoea. Wengine wanafanya kazi katika hoteli na kambi za watalii, ambako hukutana na watu wa kila namna ya maisha. Kulikalia kimya jambo hili hakulifuti. Kunawaachia wengine wafundishe mahali petu.

Kwa hiyo napenda tulitafakari swali moja tu. Je, Mkatoliki anayeshika kwa uaminifu mafundisho ya Kanisa kuhusu ndoa analazimika kutaka hadithi ya watu hawa iishe kwa huzuni?

Filamu inasimulia nini

Ni vema kukijua kitu kabla ya kukihukumu. Kena ni binti wa mtaa wa kawaida jijini Nairobi. Wazazi wake wametengana. Baba yake ana duka dogo na anagombea uongozi wa eneo lao. Ziki ni binti wa mpinzani wake wa kisiasa. Kena anatarajia kuwa muuguzi. Ziki anamwambia anaweza kuwa daktari. Urafiki wao unageuka kuwa mapenzi. Majirani wanapogundua, kundi la watu linawavamia na kuwapiga. Kena anaombewa kana kwamba ana pepo. Ziki anapelekwa London. Miaka inapita, Kena anakuwa daktari kweli, na katika tukio la mwisho anasikia sauti anayoifahamu na kuhisi mkono begani mwake. Filamu inaishia hapo. Huo ndio mwisho ulioonekana kuwa na matumaini mno.

Chanzo chake ni hadithi fupi ya mwandishi wa Uganda, Monica Arac de Nyeko, iitwayo "Jambula Tree", iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka 2007. Jambula ni ule mti ambao sisi tunauita mzambarau. Jina la filamu nalo lina maelezo yake. Wanuri Kahiu amesema kwamba wapenzi wa jinsia moja nchini Kenya, wanapotambulishana mbele za watu, hushindwa kutaja ukweli wao, hivyo husema tu: huyu ni rafiki yangu.

Mwongozaji huyo ana msimamo mwingine unaostahili kusikilizwa. Anasema kwamba kwa muda mrefu dunia imezoea kumwona Mwafrika katika vita, njaa na maradhi, na kwamba hata wasanii wa Afrika wamefundishwa kwamba sanaa yenye uzito ni ile ya mateso. Yeye anataka sanaa yenye rangi, muziki na vicheko, na ameipa jina linalotokana na jojo ile wanayotafuna watoto. Ndiyo maana "Rafiki" imejaa rangi za kung'aa, nywele zilizosukwa kwa urembo, ngoma na michezo. Anataka mtu mweusi aonekane akifurahi, na hasa yule mtu mweusi ambaye jamii yake imemzoea kama mzaha au kama laana.

Sehemu hii ya hoja yake tunaweza kuielewa vizuri sisi tunaoishi kando ya barabara ya Ngorongoro. Magari yanapita hapa kila siku yakiwa na kamera. Picha nyingi zinazokwenda ughaibuni ni za simba na tembo. Mtu wa hapa akitokea katika picha, mara nyingi ni ili aonekane maskini au wa kale. Harusi zetu, sherehe za mavuno, kwaya zetu za Pasaka na utani wa vijana wetu gulioni havipigwi picha sana. Tunajua jinsi inavyouma mtu mwingine anapoamua kwamba sura yako inayofaa kuonyeshwa ni ile ya huzuni peke yake.

Kanisa linafundisha nini

Mafundisho ya Kanisa katika jambo hili yako wazi, na padre hana ruhusa ya kuyapunguza upande wowote. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2357 hadi 2359, inasema mambo matatu, nayo yanakwenda pamoja.

La kwanza: matendo ya kimapenzi kati ya watu wa jinsia moja hayawezi kukubaliwa kimaadili, kwa kuwa yanafunga tendo la ndoa lisiwe zawadi ya uhai na hayatokani na kukamilishana kwa mume na mke. La pili: wanaume na wanawake wenye mvuto huo wanapaswa kupokelewa kwa heshima, huruma na uangalifu, na ni lazima kuepuka kila dalili ya kuwabagua isivyo haki. La tatu: wanaitwa kuishi usafi wa moyo kama sisi sote tunavyoitwa, kila mmoja katika hali yake, na wanasaidiwa katika njia hiyo na sala, na neema ya sakramenti, na pia na urafiki wa kweli usiotafuta faida.

Mama Kanisa hajaishia hapo. Mwaka 1986 Baraza la Mafundisho ya Imani, likiongozwa na Kardinali Joseph Ratzinger, aliyekuja kuwa Papa Benedikto XVI, lilitoa barua kwa maaskofu iliyosisitiza mafundisho hayo, na papo hapo ikalaani ukatili wa maneno na wa matendo dhidi ya watu hawa. Januari 2023 Hayati Baba Mtakatifu Francisko alisema kwamba kuwa na mwelekeo huo si kosa la jinai, akatofautisha kati ya dhambi na jinai. Aprili 2024 tamko liitwalo "Dignitas infinita" lilikemea, katika namba 55, hali ya watu kufungwa, kuteswa na hata kuuawa kwa sababu tu ya mwelekeo wao.

Wapo wanaodhani kwamba Kanisa la Afrika limejitenga na upande huo wa pili. Si kweli. Januari 2024, baada ya hati ya "Fiducia supplicans", Shirikisho la Mabaraza ya Maaskofu wa Afrika na Madagaska kupitia Kardinali Fridolin Ambongo lilieleza kwamba baraka kwa wapenzi wa jinsia moja hazitatolewa katika Makanisa ya Afrika. Tamko hilohilo lilikumbusha wajibu wa kuwahudumia kichungaji watu wote, wakiwemo hawa. Mtu akilinukuu nusu ya kwanza na kuinyamazia ya pili, hawanukuu tena maaskofu.

Kutoidhinisha si kutaka mtu aangamie

Hapa ndipo ninapoona tatizo letu. Katika mazungumzo mengi, hata ndani ya jumuiya ndogo ndogo, tumechanganya mambo mawili: kutoidhinisha tendo na kumtakia mtendaji mabaya. Tunadhani kwamba mtu tusiyekubaliana na maisha yake akionekana anacheka, basi imani yetu imeshindwa. Na akionekana analia, basi maadili yamelindwa.

Nabii Yona aliwaza hivyo. Alitumwa Ninawi, mji wa adui, akahubiri hukumu. Hukumu ilipoondolewa, alikasirika kuliko wakati wote wa safari yake. Aliketi nje ya mji, akingoja aone utakavyokuwa. Alikuwa na mwisho wake mkononi, na Mungu aliubadilisha. Ni kweli kwamba watu wa Ninawi walitubu, na toba haiwezi kuondolewa katika habari hiyo. Lakini angalia kile ambacho Mungu anakisahihisha katika sura ya nne. Hasahihishi mahubiri ya Yona. Anasahihisha hamu yake ya kuona watu wakiangamia, na anamkumbusha wingi wa watu wa mji ule, na hata wanyama wao.

Furaha inayoonekana katika "Rafiki" haiko yote mahali pamoja. Kuna furaha ya binti kuambiwa na mwenzake kwamba ana akili ya kutosha kuwa daktari. Kuna furaha ya baba ambaye, katikati ya aibu ya mtaa na hasara ya kisiasa, anaendelea kumwita binti yake mwanangu. Hizo ni furaha njema, nasi tunaweza kuzitambua bila kusitasita. Kuna pia mapenzi ambayo filamu inayaona kuwa jibu la mwisho la kiu ya moyo. Hapo Mkristo ana la kusema: hakuna mapenzi ya kibinadamu, hata yale ya ndoa takatifu, yanayoweza kuwa jibu la mwisho. Mtakatifu Augustino alifundisha kwamba moyo hautulii mpaka utulie ndani ya Mungu. Lakini kiu yenyewe haikutoka kwa shetani. Tumeumbwa nayo.

Upungufu wa filamu hii tuutaje pia. Kanisa linaloonekana ndani yake lina sauti ya kukemea tu. Hakuna mchungaji anayeketi na Kena na kumsikiliza. Tungeweza kulalamika kwamba tumeonewa. Naona ni afadhali tujiulize: msanii wa leo akija kuandika habari za parokia zetu, angempata wapi mchungaji wa namna hiyo, katekista wa namna hiyo, mama wa WAWATA wa namna hiyo, ili amwige?

Je, haya yameletwa na wageni?

Husemwa mara nyingi kwamba jambo hili lote ni la Wazungu. Ukweli una pande zake. Filamu hii ilitengenezwa kwa ushirikiano na wazalishaji wa Afrika Kusini na wa nchi kadhaa za Ulaya, na si kosa kuuliza fedha zinatoka wapi na zinataka nini. Papa Francisko mwenyewe alikemea mara nyingi kile alichokiita ukoloni wa kiitikadi. Hata hivyo aliyeandika hadithi ni Mganda, aliyeiongoza filamu ni Mkenya, na Samantha Mugatsia, aliyeigiza kama Kena, alituzwa kuwa mwigizaji bora wa kike mwaka 2019 katika tamasha la FESPACO, Burkina Faso. Kabla yao, Januari 2014, mwandishi mashuhuri wa Kenya, Binyavanga Wainaina, aliyefariki mwaka 2019, alichapisha maandishi ambamo alimwambia marehemu mama yake kile ambacho hakuwahi kumwambia alipokuwa hai. Mtoto anayemwogopa mama yake hakuletwa na ndege kutoka Ulaya. Yuko katika nyumba zetu.

Sisi tunayo historia yetu ya kujifunzia. Wazee wa Iraqw wanakumbuka desturi ya zamani ya kumtoa nyumbani na kumpeleka mbali msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa. Ilihofiwa kwamba uwepo wake ungeleta mkosi kwa jamii nzima. Waliofanya hivyo hawakuwa watu wabaya. Walijiona wanalinda watoto wao, mashamba yao na mvua yao. Leo binti wa namna hiyo hafukuzwi. Anabaki kwao, mtoto anabatizwa, bibi anambeba mgongoni siku ya Dominika. Je, Kanisa limebadili mafundisho yake kuhusu usafi na ndoa? Halikubadili hata neno moja. Tulichokiacha ni imani kwamba lazima mtu mmoja aangamizwe ili wengine wabaki salama. Injili ndiyo iliyotuondolea hofu hiyo, na inaweza kutuondolea nyingine.

Maneno na matokeo yake

Swali hili si la filamu tu. Mwanzoni mwa Januari 2023, mwili wa Edwin Chiloba, kijana wa miaka 25, mbunifu wa mavazi na mwanamitindo aliyejitambulisha waziwazi kuwa ni wa kundi hili, ulikutwa ndani ya sanduku la chuma kando ya barabara karibu na Eldoret. Desemba 2024 mahakama ilimhukumu mtu aliyekuwa karibu naye kifungo cha miaka 50. Kesi hiyo ilihusu kosa la mtu mmoja. Lakini baada ya kifo hicho, pamoja na rambirambi nyingi, yaliandikwa mitandaoni pia maneno ya kejeli na ya kushangilia. Yaliandikwa na watu wanaokwenda kusali.

Nchini kwetu, Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inatoa kwa kosa hili kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisichopungua miaka 30. Oktoba 2018 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam aliwaomba wananchi wampelekee majina ya watu wanaohisiwa kuwa mashoga. Mwezi uliofuata Serikali ilitangaza kwamba huo ulikuwa mtazamo wake binafsi. Hata hivyo hofu ilikwisha ingia. Mtu anayeogopa kutajwa haendi hospitali anapougua, haripoti polisi anapoibiwa au kupigwa, na haji kitubioni, kwa kuwa hajui nani atamsikia. Tunasema tunataka aongoke, kisha tunamfungia mlango wa mahali pa kuongokea.

Wajibu wetu

Kwa wazazi: mwanao akikuambia jambo hili, au ukiligundua mwenyewe, usimfukuze. Kijana aliyefukuzwa Karatu hupanda basi la Arusha jioni hiyohiyo, na huko atapokelewa na yeyote atakayempokea. Usimpeleke kwa waganga wala kwa watu wa kumpigia kelele. Mwambie ukweli wa imani yako bila kumficha, na mwambie pia kwamba chakula chake kiko mezani. Maneno hayo mawili hayapingani. Mtafute padre unayemwamini, mzungumze kwa faragha.

Kuhusu filamu na video: zungumza na watoto wako juu ya yale wanayoyaona kabla hujawanyang'anya simu. Waulize wameona nini, wamefurahishwa na nini, na kwa nini. Kijana anayefundishwa kuitazama sanaa kwa akili na dhamiri atatambua lililo kweli na lililo pungufu. Yule anayekatazwa tu hujifunza kujificha.

Kwa viongozi wa jumuiya: jina la mtu lisitajwe katika mkutano kwa kisingizio cha kumwombea. Tetesi ni dhambi hata zikianza kwa ishara ya msalaba. Na ikitokea watu wakakusanyika mlangoni kwa mtu, mahali pa Mkatoliki ni kusimama kati yao na mlango.

Na kwako wewe unayesoma haya ukijifahamu kuwa ndiwe unayezungumziwa: Kanisa halitakuambia kwamba mafundisho yake hayakuhusu. Lakini wewe si kosa la uumbaji, wala si mkosi wa familia yako. Ulibatizwa kama sisi. Wito wa usafi wa moyo ni mgumu, na hakuna anayeweza kuuishi peke yake. Mlango wa kitubio uko wazi, na siri ya kitubio haivunjwi kwa ajili ya mtu yeyote.

Katekisimu imewaahidi watu hawa urafiki wetu, nayo imeandika hivyo katika namba ileile inayowaita kwenye usafi wa moyo. Hatuwezi kudai sehemu yao ya agano huku tukikataa kutoa ya kwetu. Napendekeza kwamba katika mkutano ujao jumuiya isome sura ya nne ya kitabu cha Yona pamoja na namba hizo tatu za Katekisimu, kuanzia 2357 hadi 2359, polepole, zote tatu. Kitabu cha Yona kinaishia kwa swali la Mungu, na jibu la Yona halikuandikwa. Tulijibu sisi.